Pima Kumi na Nane za Balbina

Balbina alipoondoka kwetu Lipangalala, Ifakara, mwanzoni mwa mwaka 1997, ndipo tulipojua kwamba tulikuwa tumeizoea sauti yake. Si sauti ya mdomo, maana hakuwa msemaji. Ilikuwa sauti ya ukindu mkavu ukipita vidoleni kila alasiri, barazani kwa mama yake, Bi Merina. Nilikuwa nikipita pale na baiskeli na kusikia kuku, na kikohozi cha yule mama, na baada ya kikohozi hapakuwa na kitu.

Alikwenda Dubai kufanya kazi za ndani. Alikuwa mjane wa miaka thelathini na minane, hana mtoto, na mkataba wake ulikuwa wa miaka miwili. Jambo moja tu aliliacha bila kulimaliza. Katika ukoo wao, mkeka wa kumzikia mama husukwa na binti mama akiwa bado mzima, ili aulalie kwanza na kuukosoa. Kuzishona kili, ile mikanda mirefu ya kusukwa, ziwe mkeka anaweza yeyote. Kuzisuka ni lazima uwe mkono wa binti. Balbina hakuwa na dada. Alipoondoka, Bi Merina alikuwa bado anatwanga mpunga mwenyewe, kwa hiyo wote wawili waliona muda upo.

Mwisho wa mwaka ule zikaja mvua za El Nino. Mto Kilombero ulitoka mahali pake ukatandaza maji hadi mtu wa kijiji cha Mofu akaweza kupitisha mtumbwi juu ya shamba lake mwenyewe. Mikindu yote ya bondeni ilizama. Bi Merina akavimba miguu, na macho yake yakaingia ukungu. Mimi, jirani wa nyumba ya pili, ndiye niliyemwandikia barua ya kwenda kwa Balbina.

"Mwandikie kwamba sijafa," akaniambia. Akasubiri nimalize. "Halafu mwandikie kwamba mkeka sijauona."

Nikamwuliza kama niongeze salamu. Akasema hizo ndizo salamu.

Yaliyofuata alinisimulia Balbina mwenyewe baadaye, kidogo kidogo, kama mtu anayetoa miiba mguuni.

Barua ilimfikia siku ya Jumatano. Aliomba ruhusa ya kurudi nyumbani, na bibi mwenye nyumba, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimwambia kwamba mkataba ni mkataba. Ijumaa familia ikatoka kutembea, naye akaenda nao ili awashike watoto wawili mikono. Waliingia katika ngome ya kale iliyofanywa makumbusho. Wakavuka mkono wa bahari kwa mashua ya abiria, wakapita soko la dhahabu lililomwumiza macho, wakasimama chini ya nyumba za zamani zenye minara mirefu ya kunasa upepo. Balbina aliinua uso ndani ya mnara mmoja, ubaridi ukamshukia, akamshukuru fundi aliyekufa ambaye hakumjua jina. Nyuma ya minara hiyo aliona majengo ya vioo yakipandishwa, mengi, kana kwamba watu wa mji ule walikuwa na haraka ya kufika juu.

Mwisho wakafika kwenye kijiji cha maonyesho, ambako mji uliweka mambo yake ya zamani ili wageni wayaone: ngamia mmoja, kisima, nyumba za makuti, na nyuma ya kamba ya kuzuia watu, bibi kizee amekaa chini akisuka ukili wa majani ya mtende.

Sasa, kwetu ukimkuta mwenzako anasuka humsalimii ukiwa umesimama. Unakaa, unachukua majani, unasuka japo shubiri moja, ndipo mnaulizana habari. Kusimama na kutazama ni dharau. Balbina hakufikiri. Aliiachia mikono ya watoto, akaivuka kamba, akakaa, akasuka.

Watoto walicheka. Mlinzi, Mpakistani mmoja mrefu, akaja akipiga makofi kama anayefukuza mbuzi. Bibi mwenye nyumba alisimama pale uso umemwiva kwa aibu. Lakini yule kizee, ambaye jina lake lilikuwa Shamma, aliuinua ukili wa mgeni, akauvuta huku na huku, akamwambia bibi mwenye nyumba kwamba wasichana anaoletewa kujifunza hawana vidole, na huyu anavyo. Basi amwache awe anakuja Ijumaa. Kumkatalia mzee mbele ya watu kulikuwa kugumu. Akakubali.

Hivyo Balbina akawa mmoja wa vitu vya kutazamwa Dubai. Alivaa baibui jeusi, akakaa ndani ya kamba, na watalii wakampiga picha. Nina hakika mpaka leo kuna Wajerumani wanaoonyesha wageni wao picha ya Mndamba wa Lipangalala na kusema huyu ni Mwarabu wa jangwani.

Majani ya mtende ni ndugu wa ukindu, magumu zaidi tu, na Balbina aliona njia. Akaanza kusuka ukili wa mkeka wa mama yake. Jioni ya Ijumaa ya kwanza msimamizi wa pale, kijana mwenye kalamu mfukoni, alikuja akaamuru kazi yote ya siku ifumuliwe, majani yalowekwe tena, ili wageni wa kesho nao wakute watu wanasuka. Ndivyo ilivyokuwa siku zote. Shamma alikuwa amesuka pale miezi mingi na hakuwa na hata mkeka mdogo wa kuonyesha.

Balbina aliushika ukili wake akalia. Kiarabu chake kilikuwa cha jikoni tu, akakiokota neno moja moja: mama, ugonjwa, mkeka, kaburi.

Shamma alimtazama. Kisha akauchukua ule ukili, akaukunja, akaukalia.

Ijumaa iliyofuata msimamizi aliuliza kazi ya yule mwanamke iko wapi.

"Ngamia kala," akasema Shamma.

Na Ijumaa nyingine akauliza tena.

"Ngamia yuleyule."

Kijana akamtazama ngamia, akamtazama bibi, akaenda zake. Hakuuliza tena.

Mkeka wa mtu mzima ulihitaji pima kumi na nane. Zilipofika kumi na sita, mtoto mmoja wa nyumba aliyofanyia kazi akashikwa na homa, na Balbina akazuiwa Ijumaa mbili mfululizo. Teddy, mfanyabiashara wa Kariakoo mwenye asili ya Mahenge aliyekuwa amekubali kumbebea mzigo, alikuwa anarudi Jumamosi. Usiku wa Ijumaa ile ya pili Shamma alimtuma mjukuu wake na furushi mpaka mlangoni. Ndani mlikuwa na pima kumi na nane. Mbili alizisuka yeye.

Balbina hakuweza kudanganya. Aliandika hayo katika barua.

Furushi lilifika Ifakara kwa treni ya TAZARA, mwezi wa pili, likiwa limechelewa kwa sababu reli ilikuwa imelika na maji. Nilimpelekea Bi Merina pamoja na mke wangu, Kandida, ambaye ndiye angeushona mkeka. Sikuifungua barua kwanza. Niliogopa.

Mama yule hakuwa akiona tena. Aliupitisha ukili vidoleni, pima baada ya pima, midomo ikihesabu. Alipofika karibu na mwisho vidole vikasimama.

"Huu si mkono wa Balbina."

Nikafungua barua, nikasoma. Nikasoma mpaka pale pa ngamia, naye hakucheka. Kandida alikuwa ameshika sindano na hajui aitie uzi au aiweke chini.

"Huyo bibi, ana binti?" akauliza Bi Merina.

Nikasema barua haisemi.

Alikaa na zile pima mbili mapajani. Nje maji yalidondoka kutoka kwenye makuti. Nilifikiri atasema zifumuliwe, na kwamba hatakuwa na mkeka, kwa maana ukindu ulikuwa chini ya maji na binti ng'ambo ya bahari.

"Zishone katikati," akamwambia Kandida. "Pale mgongo unapolala. Nataka nimjue."

Aliulalia majuma sita. Alilalamika kwamba ni mgumu na unanukia tende, na alimwambia kila aliyekuja kumwona kwamba umesukwa na watoto wake. Alifariki wakati wa Kwaresima, tukamzika nao.

Balbina alirudi mwaka 1999. Jumapili ya kwanza alikwenda kwa padre kuomba nia ya misa kwa ajili ya Shamma. Padre akauliza huyo Shamma ni muumini wa parokia gani.

"Ni msukaji, Baba," akajibu.

Padre akaandika jina.

Sasa Balbina anaishi Lupiro, ng'ambo ya mto, ambako analima ekari mbili za mpunga.