Kona Aliyoirudisha Baba

Udongo wa ukingo ukiporomoka majini hutoa harufu ya chungu kipya. Juzi nimeisikia tena bondeni kwangu hapa Ihanda, nikasimama kama nimeitwa. Shule niliishia darasa la tatu, lakini kijito kinachoumwa nakijua: mizizi inaning'inia hewani, ukingo umesimama wima kama ukuta, maji ni mekundu hata mvua isiponyesha.

Cha kwetu kiliumwa kwa mkono wa baba. Kilikuwa kinapindapinda, akaona kona zile zinamlia shamba. Akakinyoosha, akapata vinyungu, vishamba vya bondeni vya kupanda mahindi kiangazi. Tulishiba, sikatai. Ila maji yakashika mbio, yakachimba chini, kisha yakageukia ukingo wa upande wa kahawa. Na huko, mstari wa mwisho wa mibuni, ndiko tulikomzika mdogo wangu Yona, aliyekufa angali ananyonya. Baba hakulia siku ile. Watu walisema ana moyo mgumu.

Kila mvua ukingo ulianguka, pu! Mama anashtuka, anatoka kutazama.

"Baba Neema," alisema asubuhi moja, "mto unamfuata mtoto."

 Kiangazi kilichofuata baba aliingia na jembe kwenye kinyungu chake kizuri kuliko vyote, mahindi yamebeba, akaanza kuifukua kona ya zamani. Kwenye ukingo wa kahawa akapanga magogo na mawe, yayasukume maji yaende kule. Mimi nilichomeka matete.

"Yalaze, Neema! Yaelekee maji yanakokwenda. Unapanda bendera?" baba akanikemea.

Jirani yetu Baba Sekela akaja kucheka. "Wee bwana, unaufundisha mto kutembea kama mlevi?"

"Mlevi hana haraka," alisema baba. "Nakinga kahawa yangu."

Mvua ziliporudi, maji yaliingia kwenye kona yakapoa, yakaacha tope kwenye matete. Ukingo ukatulia. Mama akalala.

Mimi nilinuna msimu mzima kwa ajili ya mahindi yale mabichi ambayo sikuyachoma. Niliamini kabisa habari ya kahawa. Nilikuwa tayari mama wa watoto wangu nilipokwenda kupalilia mstari ule wa mwisho, nikaitazama ile mibuni, mizee, imekauka matawi. Tangu nazaliwa haijawahi kujaza hata kopo.