Medali ya Babu yake Nestor

Nestor wa Bukoba hakuwa mtu wa majivuno, isipokuwa kwa jambo moja. Shingoni alivaa sarafu kubwa ya fedha yenye sura ya mzee wa ndevu, na ukikaa naye dakika tano utaambiwa ni medali ambayo Wajerumani walimvisha babu yake kwa ushujaa. Aliivaa kwenye harusi zote za Watanzania wa Minneapolis, Marekani, ya kwake ikiwemo. Kijerumani hakukijua. Tarehe mbili zilizofifia juu ya sarafu hiyo alisema ni namba ya jeshi.

Mwaka 1996 alikuwa akihudumia wazee katika nyumba moja ya kutunzia wazee huko Columbia Heights, pembeni ya mji. Asubuhi moja, alipoinama kumvisha Bi Lois soksi, sarafu ikachomoka kwenye sare. Bi Lois, ambaye wazazi wake walihamia Minnesota kutoka Ujerumani, akaishika, akavaa miwani, akasoma polepole.

"Nestor, pole sana."

"Pole ya nini?"

"Huyu alikuwa mtawala wa Baden, kule Ujerumani. Tarehe hii ndiyo amezaliwa, na hii ndiyo amekufa, 1907. Sarafu hii ni ya kumbukumbu ya msiba wake."

Siku hiyo Nestor alipanda basi la kurudi nyumbani akiwa amefunga zipu ya koti hadi kidevuni, na ulikuwa mwezi wa saba, ambao kule ni wa joto kali.

Mkewe, Bernadetha, alicheka mpaka akakaa sakafuni. "Baba Stacy! Yaani siku ya harusi yetu ulikuja umevaa matanga?"

Nestor akanunua kadi ya simu, akampigia shangazi yake Bukoba.

"Ushujaa gani?" shangazi akashangaa. "Babu yako alikuwa seremala. Padri mmoja Mjerumani aliugua homa miezi miwili. Babu yako akamlisha uji kwa kijiko, akamwogesha, akambeba mgongoni kwenda chooni. Alipopona akampa hiyo. Ya medali aliyatunga baba yako alipokuwa akimtongoza mama yako."

Miaka mitatu Nestor alikuwa akiwaandikia nyumbani kwamba yuko ofisini, kwa sababu aliona haya kusema anaogesha wazee.

"Shangazi, kuna jambo sikuwaambia. Kazi yangu huku..."

"Tunaijua, mwanangu. Mkeo alituambia tangu mwaka juzi. Tulikuwa tunakusubiri tu."