Baraza ya Mbao ya Balozi Adelard

Filomena alikuwa mpole kiasi kwamba majirani zake wa Keko waliweza kumsahau akiwa ameketi katikati yao. Mumewe, Albano, alitengeneza makabati na vitanda. Filomena alipiga msasa na kupaka vanishi mpaka mteja akajiona meno kwenye mlango wa kabati. Ndivyo walivyogawana kazi tangu walipofika kutoka Masasi, na hakuna aliyedhani kwamba mwanamke yule angeweza kuweka kinyongo.

Alikiweka siku ya msako wa wazururaji. Albano alikuwa ametoka kununua misumari, penseli sikioni, mfukoni hana karatasi yoyote ya kuonyesha kwamba ana kazi. Mgambo walimkamata, wakampeleka kwa balozi wa nyumba kumi, Adelard, ambaye kila Jumapili alikuwa akinywa chai nyumbani kwao.

"Ndugu balozi, unamfahamu huyu?"

Adelard alimtazama Albano, kisha akalitazama rundo la mbao za mninga lililokuwa likikauka ng'ambo ya njia, kando ya karakana ya fundi huyo.

"Simjui," akasema.

Lori likamchukua Albano kwenda kulima mahali ambako mkewe hakutajiwa hata jina. Kesho yake mbao zikahamia kwa balozi. "Nazihifadhi, shemeji, zisije zikaibwa." Na kila Filomena alipomwuliza lini atamwombea mumewe arudi, jibu lilikuwa lile lile: "Nimeshalizungumza huko juu. Vuta subira."

Mwaka ule saruji ilikuwa haipatikani, na mgeni kutoka wilayani alitarajiwa kuja kutazama mfano wa kujitegemea. Balozi akaamua kujenga baraza ya mbao mbele ya nyumba yake. Fundi wa kupigilia misumari alipatikana kirahisi, ila kwa kuzimalizia mbao hapakuwa na wa kumshinda Filomena.

"Shemeji, mvua za vuli hizo zinakuja," Adelard alimwambia. "Upande wa chini upake oili chafu kabla hazijapigiliwa, mchwa wasisogee. Juu nataka vanishi, ing'ae kama kioo."

Filomena alipitisha kiganja juu ya ubao wa kwanza. Alama ya penseli ya Albano ilikuwa bado ipo. Wazo lililomjia kwanza lilikuwa mchwa: aache chini pakavu, wadudu wazile mbao mpaka siku moja balozi adumbukie na kiti chake. Lakini mbao hazikumkosea mtu, na zilikuwa za mumewe. Akazipaka oili chini, vizuri, mpaka kwenye ncha.

Zilipokwisha kupigiliwa, akachukua oili iliyobaki akaisugua na juu pia. Ilipozama, akafuta kwa tambara pakabaki pasafi, ndipo akapaka vanishi. Vanishi juu ya oili haikauki. Inabaki ikinata kama ulimbo. Alilijua hilo tangu alipoliharibu kabati la watu siku za mwanzo, na Albano akacheka mpaka akakaa chini.

"Mtu asiikanyage mpaka mgeni afike," alimwambia balozi. "Yeye ndiye awe wa kwanza."

Balozi alifurahi sana. Akaizungushia kamba na kuwafukuza watoto kwa fimbo.

Siku yenyewe Filomena alikuja na mikeka kwapani. Mikeka ile ingetosha kuifunika baraza yote. Akamvuta Adelard pembeni.

"Balozi, leo utamtajia mgeni habari za Albano?"

"Shemeji nawe! Watu wanywe chai kwanza. Mambo ya wazururaji siyo ya leo."

Filomena akaikunja mikeka vizuri, akaikalia.

Mgeni alipanda, akapiga hatua mbili, na kiatu kimoja kikabaki nyuma. Balozi akakimbilia kumsaidia, makubadhi yake yakashikwa papo hapo. Kicheko kikaanzia kwa watoto.

"Fundi wa kazi hii ni nani?" mgeni alifoka, amesimama na soksi moja.

"Ni mama huyu, ndugu! Mumewe angekuwepo yasingetokea haya. Albano ni fundi hodari, jirani yangu wa miaka mingi—"

"Yuko wapi huyo Albano?"

Filomena akasimama. "Alipakiwa kwenye lori, ndugu. Mgambo walimleta kwa balozi huyu huyu, akasema hamjui."

Yustina, muuza vitumbua, akapaza sauti: "Na hizo mbao zinazomnasa ni za huyo huyo asiyemjua!"

Adelard alijaribu kurudi nyuma. Miguu ilitoka, makubadhi yakabaki.

Kwa amri ya mgeni yule, Albano alirudi kabla ya mvua, amekonda, viganja vimepasuka kwa jembe. Baraza ilibomolewa, mbao zikarudi karakanani, naye akazipiga randa mpaka wekundu wa mninga ukaonekana tena. Adelard hakuwa balozi tena. Jioni moja, mvua imekwisha kuchanganya, akaja na matope mpaka magotini.

"Fundi, shemeji, nisaidieni japo kipande kimoja nikanyagie mlangoni."

Albano, kwa huruma zake, alikuwa ameshanyoosha mkono kwenye kipande kilichokuwa karibu. Filomena akakikalia.

"Nani huyo?" akamwuliza mumewe, huku akiendelea kupiga msasa. "Mie simjui."