Kijiji Kisicho na Zahanati

Tulikaa siku nzima chuoni, Morogoro mjini, tukichagua kata za kuwakilisha mkoa wote katika utafiti wa huduma za wagonjwa wa akili. Mjini tulichukua kata moja, upande wa reli tukachukua Ngerengere, ikabaki milimani. Nikapendekeza kijiji chetu, juu ya Kinole, ambako mama anaishi na kaka yangu. Kaka alianza kusikia sauti akiwa kidato cha nne. Wenzangu walilijua hilo, sikuwahi kuwaficha.

Kiongozi wetu, mtu mpole, alinieleza kwamba tunapima huduma, na kijiji kisicho na zahanati hakina cha kupimwa. Wakachagua Kinole, ambako gari linafika na muuguzi anatoa dawa. Nilibisha mpaka koo likanikauka. Kwa kanuni za kazi yetu alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililoniuma.

Jumamosi nilipanda bodaboda hadi barabara ilipoishia, nikamalizia kwa miguu. Mama alikwisha kusikia kwamba watu wa chuo wanakuja. Alikuwa amemnyoa kaka nywele na kumvalisha shati jeupe la Idi, naye amekaa barazani, mikono magotini, kama anayesubiri kupigwa picha. Nikamwamkia mama, kisha nikamwambia hawatakuja, na kwa nini.

Aliendelea kumenya ndizi.

"Mwanangu," alisema, "wenye dawa mlangoni ndio wanaokwenda kuulizwa habari za dawa. Sisi wa huku tutaulizwa lini?"

Kaka akaniuliza kama avue shati.

Vidonge vyake nilikuwa nampelekea mimi kutoka mjini. Masika yale udongo uliporomoka, njia ikafungwa, nikakwama Kinole na vidonge mkobani. Nilipofanikiwa kupanda, kaka hakuwepo. Mama alisema vidonge vilipokwisha aliacha kulala, akaacha kula, na asubuhi moja akashuka bondeni bila kuaga. Majirani walikuwa wamepita mtoni kote wakimtafuta. Mimi nilimtafuta mjini, nikafuata reli hadi Kingolwira, hadi Ngerengere, nikiwaonyesha watu picha yake kwenye simu. Wengine walidhani wamemwona. Mpaka leo hatujampata.

Utafiti uliendelea. Ilipofika siku ya Kinole, nilipangiwa nyumba ya mama mmoja mkulima wa karafuu. Mwanawe, rika la kaka, alikuwa naye mkekani, akichambua makonyo, vile vijiti vya karafuu, taratibu. Nikamuuliza mama yule kama wanakopata dawa ni mbali.

"Si mbali," alisema. "Huyu anakwenda mwenyewe, akarudi chai haijapoa."

Nikaandika. Yule kijana akanisogezea chungwa alilokwisha kunimenyea. Nililishika tu, nisiweze kulila. Mama yake akaniangalia, akaniuliza kwa sauti ya chini nimefiwa na nani.

Nikamwambia sijui kama nimefiwa.