Jamaa wa pikipiki alivyokaribia kubomoa banda langu la kuku Jericho

Wakuu hamjambo. Nawaandikia kutoka Nairobi, mtaa wa Jericho, upande wa Eastlands.

Nyinyi wa Dar mnaopenda kutucheka Kiswahili chetu, leo chekeni mpaka mchoke, ila mniache nimalize. Yote nitakayosema yalinitokea mimi. Mke wangu, Mama Wambui, amekaa hapa pembeni anasoma juu ya bega langu, na nikiongeza chumvi ananikanyaga mguu.

Tuanze.

Mimi ni mfugaji, lakini usifikirie mashamba. Nyumba zetu huku ni zile za zamani za council, yaani za serikali ya jiji, na nyuma ya yangu kuna kauwanja kadogo. Majirani wengine kwenye kauwanja kama hako wameegesha gari bovu, wengine wamejenga chumba cha mabati wakapangisha. Mimi nilijenga banda la kuku wa kienyeji.

Nilianza baada ya kazi ya ofisi kuisha. Walituita kwenye mkutano wakasema kuna restructuring, neno refu la kumwambia mtu aende nyumbani.

Tangu hapo kuku ndio wametulisha. Nauza mayai, na wakikomaa nauza kuku hai. Karo ya binti yetu Wambui inatoka bandani. Kwa hiyo nikiwaambia banda lilikuwa hatarini, elewa kwamba nyumba yangu nzima ilikuwa hatarini.

Na niseme tu ukweli, nawapenda. Kuna mmoja wa kahawia mwenye shingo nyeupe tunamwita Madam, kwa sababu anatembea kama mwalimu mkuu anayekagua madarasa. Wewe ukichelewa na chakula asubuhi, anakuja kukuangalia mpaka unaona aibu.

Sasa ikatokea ile video.

Jamaa wa pikipiki alikuwa Jogoo Road na kuku wamefungwa miguu kwa mafungu, wananing'inia pande zote mbili, vichwa karibu vinagusa lami. Fungu moja likakatika likaanguka. Akasimama, akaliokota, na kwa sababu kuku walikuwa wanapiga kelele, akawapigiza kwenye kiti cha pikipiki mara kadhaa mpaka wakanyamaza. Akafunga tena, akaenda zake.

Mtu aliyekuwa nyuma kwenye gari akarekodi yote.

Niliitazama mara moja nikazima simu. Nilikasirika kweli, mpaka chai ikanishinda. Kuku ni kiumbe kinachosikia maumivu, na huyo jamaa alikuwa anawapiga kama mtu anayekung'uta mkeka.

Ila hasira yangu haikumaliza hata saa moja kabla video haijaingia kwenye group la court yetu, yaani nyumba zinazozunguka uwanja mmoja.

Mnajua vile magroup ya mtaa yalivyo. Siku zote ni maji yamepotea, nani ameona paka wangu, aliyeazima ngazi arudishe. Siku hiyo watu wote walikuwa na jambo moja.

"Hawa ni wanyama kuliko hizo kuku." 

"Mimi kuku nimeachana nayo."

"Wafugaji wote ni wale wale, wanaangalia pesa tu."

Halafu akaingia Odhis. Odhis ni jirani yangu, fundi wa mageti, nyumba yake na yangu zinatazamana. Akaandika, "Na si tuko na mmoja hapa hapa court. Nani ashaona vile anawafanyia huko ndani?"

Wakuu, hiyo niliisoma mara tatu nimesimama jikoni.

Hapa nisimame kidogo niseme jambo linaloniwasha.

Ni hao hao watu wa group wanaokuja kununua kuku kwangu. Mteja wa huku akija anamchukua kuku kwa miguu, anamgeuza kichwa chini, anamnyanyua kupima uzito, halafu anampulizia manyoya ya kifuani aone kama ana mafuta. Akiridhika, anaondoka naye hivyo hivyo, akimbembeza kama mfuko wa sukuma wiki. Ndivyo tulivyokua tukiona, na hakuna anayefikiria kwamba ni vibaya.

Odhis mwenyewe Krismasi iliyopita alitoka kwangu na jogoo kichwa chini, akasimama kumsalimia kila mtu mpaka mlangoni kwake. Nilimwambia mshike kwapani bwana, anaumia. Akanijibu, "Kwani ni mtoto?"

Ndiye huyo sasa ananiuliza kwenye group nawafanyia nini.

Haya, turudi.

Kesho yake wateja wa mayai hawakuja. Mmoja nilimwona anapita upande wa pili wa barabara akijifanya anaongea na simu. Nikamwita, akanipungia mkono huku anaharakisha. Trei za mayai zikaanza kupandana mezani, Mama Wambui akawa anatupikia mayai asubuhi na jioni, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kulalamika.

Kilichoniuma zaidi ni Mama Nafula.

Mama Nafula ni mwenyekiti wa kamati ya court, mama wa kanisa, mtu wa Bungoma. Binti yake alikuwa amepata mchumba, na wakwe walikuwa wanakuja kwa mara ya kwanza. Kwa watu wa kwao, mgeni wa uzito huo akiondoka bila kula kuku, ni kama hukumkaribisha. Alikuwa ameshaniagizia kuku wa siku hiyo, hata amekuja kuwachagua kwa macho yake.

Akabisha mlango jioni. Hakukaa.

"Baba Wambui, mimi si ati nakushuku. Lakini wakwe wakiuliza hizi kuku zimetoka wapi, nitasema nini? Watu wanaongea. Oda yangu ngoja kwanza."

Nikamwambia mama, huyo wa pikipiki simjui hata jina.

"Najua. Lakini Jumamosi kamati itakuja kuangalia hilo banda. Tukipata ni vile watu wanasema, itabidi zitoke."

Usiku huo sikula. Mama Wambui aliniambia usijali, waje waone, hatuna cha kuficha. Ni mwanamke mwenye akili, na kama ningeishia hapo kwenye ushauri wake uzi huu usingekuwepo.

Wiki nzima nikafanya usafi. Nilipaka banda chokaa. Nikabadilisha maranda yote ya sakafuni. Nikasugua vyombo vya maji mpaka vikang'aa. Ijumaa jioni nikasimama nikatazama, nikaona banda ni safi kuliko sebule yetu.

Shida ni kwamba banda lilipokuwa safi namna ile, kuku wakaanza kuonekana wachafu.

Nisikilizeni vizuri hapa, kwa sababu ndipo akili yangu ilipoondoka. Nilikuwa nimeona mahali kwenye simu kwamba huko nje kuku wa maonyesho huogeshwa kabla ya kuonekana na majaji. Nikasema basi, na mimi nina majaji wanakuja.

Jumamosi asubuhi na mapema nikachemsha maji, nikachukua karai na sabuni ya kipande, nikaanza kuogesha kuku.

Mama Wambui akatoka na kikombe cha chai akanikuta nimemshika Madam kwenye povu. Akaniuliza polepole, "Baba Wambui, unafanya nini?"

Nikamwambia nawatayarisha.

Akarudi ndani. Nilidhani amekubali.

Wanaoijua Nairobi ya mwezi wa saba wanajua nilikuwa najitafutia nini. Jua halikuwepo. Kulikuwa na wingu zito na kale kamvua kembamba kasichokoma. Nilitegemea watakauka. Kuku mwenye manyoya yaliyotoka mafuta kwa sabuni hakauki kwenye baridi ile. Manyoya yalishikamana na ngozi, shingo zikawa nyembamba, mabawa yakaning'inia. Wote wakajikunyata pembeni ya banda langu jeupe wakitetemeka.

Madam alinitazama. Sitasahau yale macho.

Nikaelewa wakati huo huo nilichofanya. Nilikuwa nimewatesa kuku wangu ili nionyeshe kwamba siwatesi.

Nikapiga kelele, "Mama Wambui! Wanakufa!"

Hakuuliza hata ni akina nani. Alitoka na taulo zote za nyumba, inaelekea alikuwa ameshaziandaa. Tukawabeba kuku ndani. Jiko la makaa tukaliweka katikati ya sebule, mlango wazi ili hewa ipite. Tukawafunga kwenye taulo, zikaisha, tukachukua leso, khanga kwenu Dar, zikaisha, tukageukia nguo zetu. Jogoo alivikwa jezi yangu ya mpira. Wambui alikaa kwenye kochi na kuku wawili mapajani, anawapulizia pumzi ya moto vichwani. Mimi nilikaa chini karibu na jiko, Madam amefungwa taulo la kuogea la maua, nimemkumbatia kifuani namsugua mgongo.

Na nilikuwa naongea naye. Nisiwafiche. Nilikuwa nasema, "Pole mama. Pole. Nisamehe, tafadhali usife. Nitakununulia mahindi."

Niliposema hivyo ndipo nikasikia mtu anakohoa mlangoni.

Kamati nzima. Mama Nafula mbele, Odhis nyuma yake, wengine wamenyoosha shingo juu ya mabega yao.

Jogoo mwenye jezi akawika.

Nilijua nimekwisha. Walikuwa wamekuja kutafuta kuku waliolowa, wanaotetemeka, wanaonekana wamenyonyolewa, na nilikuwa nao nyumba nzima. Nikasema ukweli kwa sababu sikuwa na nguvu ya kutunga kingine. Nikasema, "Mama, niliwaogesha. Nilitaka muwapate wakiwa safi. Wamepata baridi."

"Uliwaogesha," akasema Mama Nafula.

"Na sabuni," akaongeza Mama Wambui kutoka kwenye kochi.

Odhis ndiye aliyevunjika kwanza. Alicheka mpaka akashika fremu ya mlango. "Baba Wambui, umeosha kuku! Kuku, bro!" Wakafuata wote. Mimi nilibaki pale chini sijui kama nicheke au nilie, na nadhani nilifanya yote mawili.

Lakini Mama Nafula hakucheka sana. Aliingia, akainama, akaingiza mkono ndani ya taulo kumgusa Madam. Madam alikuwa ameanza kupata joto, akatoa ile sauti ndogo ya kuku aliyetulia.

Mama akaangalia kochi, akaangalia Wambui, akaangalia leso zake Mama Wambui zilizojaa kinyesi.

"Mtu wa kutesa kuku hawezi kuharibu taulo zake hivi," akasema. Kisha akavua shali yake. "Nipe mmoja nishike. Huyo mdogo anatetemeka."

Wakuu, kamati ya ukaguzi ilikaa kwangu mpaka mchana, kila mtu na kuku wake mapajani. Banda nililolipaka chokaa wiki nzima hakuna hata mmoja aliyekwenda kuliona.

Hakufa hata mmoja. Mungu ni mwema.

Jioni Mama Nafula aliandika kwenye group kwamba kamati imeona na imeridhika, kuku wanabaki. Wateja wa mayai wakarudi, mwanzoni kwa sababu ya kutaka kusikia kisa, baadaye kwa sababu ya mayai. Mpaka leo kuna watoto wananiita Baba Sabuni. Nimekubali.

Na nikaweka sheria. Mlangoni kwangu kuna kikapu. Ukinunua kuku, unaondoka naye kwenye kikapu au unambeba kwapani, kichwa juu. Hutaki, baki na hela zako, mimi nibaki na kuku wangu. Nilidhani watanikimbia. Hawakukimbia.

Siku ya wakwe ilipofika, Mama Nafula aliagiza upya kuku wake wote, na akaomba mmoja zaidi asiyechinjwa, wa kumpa mama mkwe aende naye nyumbani akiwa hai. Akamtaka Madam. "Huyu nilimkuta kwa taulo," akasema, "huyu ndiye wa heshima."

Iliniuma kumwachia, lakini kuna kuku wanaopata nafasi nzuri kuliko hiyo?

Aliyetumwa kumchukua ni Odhis, maana ndiye aliyekuwa anabeba viti na kufunga hema. Nikamkabidhi Madam. Mkono wake ukaenda moja kwa moja kwenye miguu, kwa mazoea. Akasita. Akanitazama. Kisha akamgeuza taratibu, akamweka kwapani, akamfunika na koti.

Sikuweza kujizuia. Nikamwambia, "Kwani ni mtoto?"

"Wacha hizo," akasema. "Huyu anaenda kwa wakwe."

Akavuka court nzima hivyo, hatua za taratibu, watu wa hema wote wanamtazama.

Juzi Mama Nafula ametuma picha kwenye group kutoka Bungoma, nyumbani kwa mama mkwe. Madam amesimama kwenye majani, shingo nyeupe juu, vifaranga wamemzunguka anawakagua. Group lile lile lililokuwa na video ya pikipiki. Wa kwanza kuandika chini ya picha alikuwa Odhis: "Huyo nilimbeba mimi."

Nilisoma hiyo nikampa Mama Wambui simu asome.

Wakuu wafugaji, nilichojifunza ni hiki. Yule wa pikipiki hanijui, na hatajua kamwe kwamba karibu afunge banda langu kwa alichofanya Jogoo Road. Lakini mnunuzi hawezi kututofautisha. Mmoja wetu akimpiga mnyama barabarani, sote tunaonekana tumempiga, na kuandika kwenye group kwamba mimi si hivyo hakusaidii kitu. Watu waje wakute vile unavyoishi na wanyama wako, hata siku umeharibu.

Wewe unawabebaje kuku wako kwenda sokoni? Na mteja akimgeuza kichwa chini mbele yako unamwambiaje bila kumpoteza? Niambieni hapa chini, na wa Dar mnaruhusiwa kusahihisha sarufi.

Mama Wambui anasema nimalizie na ujumbe wake: bado hajanunuliwa taulo mpya.