Nambari Niliyoiruka Mbele ya Cucu

Haya, chekeni mmalize kabisa, maana aibu ya siku ya wazazi pale shuleni Ruiru ni yangu na sijaikana, ila kichwa siinamishi ng'o.

Ilikuwa miaka ya hamsini, mimi msichana pekee darasa la mwisho, na baba (alifanya kazi kwenye mkonge huko Thika) alikuwa ameshasema: mkaguzi asiponichagua kwenda shule ya bweni, naenda kuchuma kahawa. Mkaguzi akanipa pointi mbili, (2, 1) na (8, 4), nitafute mlinganyo wa mstari ulionyooka unaopita hapo, kisha niuchore uwanjani kwa vigingi na kamba ili wazazi wote waone. Kazi rahisi! Unapanda tatu, unakwenda mbele sita, mteremko ni nusu. Basi y ni nusu ya x, na mstari lazima upite kwenye sifuri.

Nikaanza kupigilia vigingi vya x kuanzia sifuri, kila hatua kigingi, nikihesabu kwa sauti. Nilipofika sita nikamwona Cucu, nyanya yangu, amenikazia macho. Kwetu nambari inayofuata sita ni ya mikosi, haitamkwi ovyo mbele ya watu, na mimi niliyelelewa mgongoni mwake ningeitamkaje? Nikapiga kigingi kilichofuata nikasema, "Nane!" Wazee wakaguna kwa kuridhika (mtoto ana adabu huyu), na mkaguzi, mtu wa pwani asiyejua mambo yetu, alikuwa anakoroga chai.

Nikaweka pointi zangu mbili, ile ya pili hatua nne juu ya hicho nilichokiita nane. Sasa vuta kamba. Ikapita kando ya sifuri, shubiri nzima! Nikakisukuma kigingi cha sifuri kwa kidole cha mguu, polepole, na mkaguzi akaniona.

"Binti, hata sifuri unaihamisha?"

Uwanja ukaangua kicheko. Mzee mmoja akasema, "Wasichana na hesabu, wapi na wapi?"

Hapo damu ikanichemka. "Mlinganyo wangu ni sawa!" nikapiga kelele. "Kuna nambari nimeiruka kwa sababu ya Cucu!"

Cucu akasimama. Nikajua nimekwisha. Akajiziba masikio kwa shuka lake, akafoka, "Itamke basi, Wanjiru, umalize! Mimi sisikii!"

"SABA!" Nikarudisha sifuri mahali pake, nikapiga kigingi cha nane mbele zaidi, nikahamisha pointi yangu na kuvuta kamba upya. Ikapita juu ya sifuri, sawasawa.

Bweni nilienda. Cucu alikataa kunisalimia mpaka siku ya kuondoka, na msamaha sikuomba. Adabu nitampa kila anayestahili, lakini nambari, hata iwe na mikosi ya nchi nzima, siiruki tena.