Kiti Alichokikataa Rosette

Rosette alianza kupiga pasi kwenye nyumba za matajiri, mtaa wa Muhumba, mwanawe Guy akiwa mgongoni, na Guy sasa ana ndevu. Kazi ya pasi ni ya wima. Asubuhi mashati, mchana mashuka, jioni apande mlima hadi Kadutu akampikie baba mkwe wake, Mzee Cirhuza, kwa kuwa mumewe alikwenda zake machimboni na hapigi simu ila akiugua. Mishipa ikamtutumka miguuni kama kamba. Kisha ngozi juu ya kifundo ikapasuka, pakawa kidonda, na kidonda kikakataa kupona.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Mzee alitangaza kwamba kidonda cha namna hiyo kina mwenyewe: huyu mwanamke amepewa karuho, ile sumu ya kimyakimya inayosingiziwa kila ugonjwa hapa Bukavu, na hapewi mtu hivihivi bila kosa. Majirani wakaacha kuja kuomba chumvi. Mama mmoja wa Muhumba akamkataza kugusa nguo za watoto wake. Rosette aliumia, tena sana, ila nani alimuuliza?

Mara zikaja habari za madaktari wageni waliofikia kwa siku chache kwenye zahanati moja mjini, wanaopima mishipa ya wanawake wanaofanya kazi wima. Mwanamke analazwa, anapimwa, anaketishwa, anapimwa, anasimamishwa, anapimwa tena. Mshipa mzima huzuia damu isiteremke mtu anapoinuka. Uliochoka huiachia tu. Atakayeonekana mishipa yake imechoka atafanyiwa upasuaji bure.

Rosette aliutaka huo upasuaji. Lakini zaidi alitaka daktari aseme mbele ya Mzee, kwa kinywa chake, kwamba ni kusimama na si karuho. Akambembeleza aende naye. Mzee alikuwa na udhuru kila siku, mpaka ikabaki siku ya mwisho.

Muuguzi, Aimée, aliwapokea vizuri.

“Mama, ikala pale, weka miguu juu ya banc, upumuzike mpaka tukuite. Usisimame hata kidogo.”

Kiti kilichokuwa wazi, chenye benchi mbele yake, kilikuwa ubavuni mwa Mzee. Na kwa akina Cirhuza, mke wa mtoto haketi sawa na baba mkwe. Huchutama mlangoni au husimama. Sembuse kuinua miguu! Tena mbele yao walikuwa wanaume wawili wa Kavumu, kule kwenye uwanja wa ndege, waliosindikiza wake zao, na wote walimfahamu Mzee.

Rosette akamtazama. Neno moja tu lingetosha. Mzee akarekebisha kofia yake, akawauliza wale wa Kavumu habari za mihogo.

Rosette akasimama, kaegemea ukuta. Aimée alipopita akashangaa.

“Mama, sikukuambia uikale?”

“Niko bien, mama.”

Mzee alisikia vizuri sana. Heshima gani hiyo, inayomla mtu mguu huku mwenye kuheshimiwa anaongea mihogo?

Zamu ilipofika, daktari alibonyeza muundi wake kwa kidole gumba. Shimo likabaki.

“Ulisimama?”

“Ndiyo, docteur.”

“Sababu ya nini? Balikuambia upumuzike! Miguu imejaa maji. Nikipima hivi, sitajua kipimo ya kulala ni gani na ya kusimama ni gani. Siwezi kuandika kitu.”

“Nipumuzike sasa, docteur, nakuomba.”

“Mashini tunafunga, mama. Avion iko inatungoja Kavumu.”

Wakaanza kuitia mashine kwenye sanduku yeye akiwa bado kitandani, miguu juu. Alilia palepale, bila kujificha.

Nje, Mzee akamuuliza wamemwambia nini.

“Hakuweza kupima, Papa.”

“Nilikuambiaka,” alisema Mzee kwa sauti, wale wa Kavumu wasikie. “Ingekuwa ya hospitali, bangeiona.”

Wakashika njia ya kurudi. Walipofika kwenye kona isiyo na watu, Mzee alikuwa amechoka. Akaketi juu ya ukuta mfupi wa mawe, akapigapiga nafasi ya pembeni yake.

“Ikala, mutoto yangu. Hapa hakuna mutu.”

Rosette aliutazama ule mkono, akatazama kitambaa cha kidonda chake kilichokwisha lowa. Akabaki wima mbele yake, na safari hii hakusimama kwa heshima.